"Mbona nimenukuu neno kwa neno?"

Kazi yangu ni uhariri. Naletewa kumbukumbu za vikao, risala, tasnifu za wanafunzi na, siku hizi zaidi, mabishano ya makundi ya WhatsApp ambayo makatibu wa jumuiya wanataka yaingie kwenye taarifa rasmi. Iwe kazi imetoka Mjini, Mkokotoni au Wete, hapa kwetu Zanzibar, nikiuliza kwa nini mjumbe fulani analalamika kuwa kasingiziwa, najibiwa jibu moja: "Mbona nimenukuu neno kwa neno?" Jibu hilo limenichosha, kwa sababu wanaolitoa wanaamini kweli kwamba limemaliza maneno.

Halijamaliza. Tuchukue mfano wa kundi la wazazi wa skuli. Mjumbe wa kamati anaandika: "Assalamu alaykum wazee wangu. Naunga mkono ujenzi wa banda jipya. Ila naomba michango isitishwe mpaka hesabu za mwaka jana zisomwe mbele ya wazazi wote, kisha tuendelee." Anakuja mwenzake, anaokota maneno mawili, "michango isitishwe", anayatia kwenye alama za mtajo na chini yake anaandika: "Wako watu hawataki watoto wetu wapate madarasa." Hakuongeza herufi wala hakubadilisha neno. Wazazi waliokuwa makazini wakifungua simu jioni wanaisoma nukuu, hawapandi juu kuutafuta ujumbe wenyewe. Hata magharibi haijaadhiniwa, mama wa watu ameshakuwa adui wa elimu.

Hebu tazameni kilichokatwa. Kumekatwa kauli ya kuunga mkono, kumekatwa sharti, na kumekatwa kikomo cha lile ombi. Kilichobaki ni chake kwa maneno na si chake kwa maana. Huo ni uongo, na mimi huuita uongo hata mbele ya mteja anayenilipa.

Sisi tuliopita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, hatuna udhuru katika hili. Suratul Maun tumeihifadhi tungali wadogo. Aya ya 4 inasema, kwa maana yake, ole wao wanaosali. Ukiishia hapo umesoma aya nzima, hukupunguza hata irabu, na umewatisha watu wasisali. Aya ya 5 ndiyo inayosema ni wasalio gani: wale wanaozipuuza sala zao. Mwalimu hakumruhusu mtoto kusimama pale akaondoka. Basi kwa nini mtu mzima asimame katikati ya sentensi ya jirani yake na adai ameifikisha?

Ninachowaambia wote ni hiki. Kabla ya kukata, tafuta maneno haya kabla na baada ya kipande unachokitaka: ila, lakini, mpaka, ikiwa, isipokuwa, kwa sharti. Ukilikuta moja, linaingia pamoja na kipande chake, upende usipende. Tazama pia alikuwa anajibu nini. "Sikubali" ya mtu aliyeulizwa kama anakubali kikao kiahirishwe si "sikubali" ya mtu aliyeulizwa kama anaukubali uongozi. Swali lisiponukuliwa, jibu halina mwenyewe. Kisha mtumie mwenye maneno, faragha, umuulize: "Hivi ndivyo ulivyokusudia?" Ukiona unaogopa kumuuliza, nukuu hiyo unajua mwenyewe ina kasoro gani.

Baya kuliko hilo ni nukuu ndani ya nukuu. Mtu ananukuu maneno ya mwenzake ili ayapinge. Wa tatu anaunukuu ujumbe wa yule mpingaji, na kinachoonekana ni maneno yaliyopingwa. Wa nne anaandika, "Hata fulani naye kasema." Hakusema! Alikuwa akikataa. Maulamaa wa Hadithi walilijua tatizo hili zamani sana, ndiyo maana hawakutosheka na matini peke yake. Walitaka sanad, nani kapokea kwa nani, na kila mpokezi akachunguzwa. Sikutakii kazi ya Imamu Bukhari kwa ujumbe wa mchango wa sare. Nakutaka urudi kwenye ujumbe wa kwanza, ambao kwenye WhatsApp uko mguso mmoja tu: gusa kile kisanduku cha nukuu na programu itakupeleka ulipo.

Wako wanaodhani dawa ni kunukuu ujumbe wote, usikate kitu. Nao hawasaidii. Kisanduku cha nukuu huonesha mistari michache ya mwanzo, na sisi ujumbe wetu huanza kwa salamu, kuwaombea wagonjwa afya na kuwarehemu waliotangulia. Msomaji anaona "Assalamu alaykum warahmatullahi, wazee wangu na ndugu zangu" na chini yake "Hili silikubali hata kidogo." Hulikubali lipi? Nakili ile sentensi unayoijibu, na sharti lake kama nilivyosema, mtaje mwenyewe, kisha andika jibu lako chini. Tangu 2024 WhatsApp ina njia yake: ukianza mstari kwa alama ya > na nafasi, maneno yanajitenga kama nukuu. Itumieni, haina gharama.

Wengine hujitetea: "Nimefowadi tu, sikusema mimi." Ile alama ya kuwa ujumbe umepitishwa, iliyoanza 2018, haimtaji mwandishi wa asili. Kwa hiyo ukipitisha bila kumtaja, kwa anayepokea msemaji ni wewe. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha au kukashifu. Haisemi lazima awe ndiye aliyezitunga.

Kuna wanaoamini pia kwamba ukitaja jina la mtu umepata ruhusa ya kuyapeleka maneno yake popote. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaruhusu kunukuu kwa masharti: kazi iwe imeshatolewa kihalali kwa umma, kinachonukuliwa kisizidi haja, na chanzo kitajwe pamoja na jina la mwandishi likiwepo. Jina ni sharti moja tu. Aliyoandika mtu kwenye kundi la ukoo hakuyatoa kwa umma. Muombe idhini.

Aliyefuta ujumbe wake naye asidhani umekwenda. Kama kuna aliyekwisha kuunukuu, maneno yanabaki ndani ya lile jibu. Na wewe unayeyaona yamebaki, jua kuwa mwenyewe kayarudisha nyuma. Kama ni lazima uyataje kwenye taarifa, andika na hilo, kwamba aliyafuta.

La mwisho linawahusu zaidi wanafunzi wangu wa tasnifu. Wanamhoji mvuvi wa Micheweni au bibi wa Makunduchi, kisha wanayageuza maneno yake kuwa Kiswahili sanifu ndani ya alama za mtajo, wakiamini wanamsitiri. Kiunguja, lahaja ya Unguja Mjini, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Haina maana kwamba asemaye Kipemba au Kimakunduchi anakosea na anangoja kusahihishwa. Ukitaka sanifu, ondoa alama za mtajo na eleza kwa maneno yako kwamba alisema hivi na hivi. Ukiziweka alama, andika alivyotamka, na ufafanuzi uutie nje ya nukuu, kwenye sentensi inayofuata.