Je, wajua kwa nini darasa la mazungumzo ya Kiingereza hugeuka kuwa kimya?

Mwalimu anawauliza wanafunzi 20 wa darasa la jioni jijini Kisumu, wengine wachuuzi wa soko la Kibuye, wengine waongoza watalii wa ufuo wa Dunga: "Mna maoni gani kuhusu utalii?" Wawili wanajibu, waliobaki wanainamia madaftari. Wanafunzi huitwa waoga, lakini mara nyingi kosa liko kwenye mpango wa somo.

Piga hesabu. Katika kipindi cha dakika 60, mwalimu akiongea nusu, zinabaki 30. Wanafunzi wakizungumza mmoja mmoja mbele ya wote, kila mtu anapata dakika moja na nusu. Wakiongea wawiliwawili, anapata kama 15.

Ila kuwaketisha wawiliwawili hakutoshi. Watu wanaojua mambo yale yale hawana la kuulizana, na baada ya dakika mbili wamerudia Kiswahili au Dholuo. Kazi inayozaa mazungumzo humpa kila mmoja habari ambayo mwenzake anaihitaji. Kwa mfano, mmoja aigize mwenye boti na mwenzake mgeni. Mwenye boti apewe kadi yenye saa za kuondoka na nauli: mtu mzima shilingi 700, mtoto 400. Kadi ya mgeni iseme wako watu wazima watatu na watoto wawili, wana shilingi 2,700 tu, na lazima wawe nchi kavu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kila mtu afiche kadi yake. Nauli ni 2,900, kwa hiyo hawawezi kumaliza bila kupatana bei, na hapo ndipo lugha inapotumika kwelikweli. Idadi ikiwa witiri, kundi moja liwe na wageni wawili. Inapowezekana, mwenye Dholuo aketi na mwenye Luluhya, wasipate lugha ya mama ya kukimbilia.

Kabla ya kuanza, andika ubaoni maneno yasiyozidi manane na sentensi moja au mbili za kuomba kurudiwa, kama "Could you say that again, please?" Kisha waache wafikiri kimya kwa dakika mbili. Walimu wengi huukatisha ukimya huu haraka mno. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kuwa walimu walipoongeza muda wa kungoja jibu kutoka kama sekunde moja hadi tatu au zaidi, majibu yalirefuka.

Wakishapatana, mwenye boti amweleze msikilizaji mmoja safari hiyo kwa dakika 4, kisha msikilizaji mpya kwa dakika 3, na wa tatu kwa dakika 2. Kwa kuwa cha kusema anacho tayari, nguvu yake huenda kwenye wepesi wa kusema. Asipobadilishiwa msikilizaji, zoezi linapooza, kwa sababu mtu hasikilizi kwa makini habari aliyokwisha kuisikia.

Usimkatize mtu kwa kila kosa. Atafupisha sentensi zake ili akwepe kusahihishwa. Andika makosa daftarini. Baada ya mzunguko wa kwanza rekebisha moja au mawili, la sivyo yatarudiwa mara tatu na kuzoeleka. Mengine yangoje dakika 8 za mwisho, yaandikwe ubaoni bila majina. Tanguliza yanayopotosha maana. Kiswahili na Dholuo havitenganishi "he" na "she", hivyo abiria wa kike hugeuka wa kiume katikati ya maelezo. Dholuo pia haina sauti "sh", na "ship" husikika kama "sip".