Chakula cha friza kwa mzazi: maneno ya watu na ukweli wake

Hapa Dodoma tuko wengi ambao ndugu zetu wako mbali. Tangu serikali ihamie huku zimekuja familia nyingi changa, mtu anajifungua mama yake yuko Bukoba, mama mkwe yuko Tanga, baba mtoto kisheria ana likizo ya siku 3 alafu anarudi kazini, mama ana zake 84 lakini hizo siku zote nani anampikia? Ndo maana mimi napigia debe sana hii ya kumpikia mzazi mapema na kumjazia friza kabla hajajifungua. Ila kila nikiisema nakutana na maneno yale yale, mengine yanatisha watu bure na mengine yanaumiza watu kweli.

La kwanza, eti chakula cha friza ni kiporo na mzazi hapewi kiporo. Jamani, wazee hawakukosea, kiporo walichokijua wao ni kile kilicholala kwenye sufuria jikoni usiku kucha na kile kweli asipewe. Lakini maharage yaliyopikwa leo, yakapozwa haraka, yakaingia leo hii hii kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria humo hawazaliani. Yakitoka baada ya wiki 3 yakachemka vizuri yana usalama kuliko wali wa mchana uliofunikwa mezani ukasubiri baba arudi jioni.

Wengine wanaongeza eti chakula kilichoganda kinapoza maziwa, mtoto anapata tumbo. Hamna kitu kama hicho. Maziwa yanatengenezwa mwilini kutokana na damu ya mama, ubaridi wa chakula hauendi kwenye ziwa, na kwanza chakula chenyewe kinaliwa kikiwa cha moto. Kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi. Mtori na supu tunampa kwa sababu mama anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku na maji ya kutosha, na mtori wa friza unampa hivyo hivyo.

Alafu kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa, eti friza inaua wadudu wote kwa hiyo hata chakula kilichoanza kuchacha kikigandishwa kinapona. Hapana! Baridi inawasimamisha tu, haiwaui, chakula kikiyeyuka wanaendelea pale pale walipoishia. Kilichoingia kibovu kitatoka kibovu.

Sasa hii inayofuata naomba muisome taratibu maana ndo inayoharisha watu. Eti chakula cha moto hakiingii kwenye friji, kiache kipoe chenyewe mpaka asubuhi. Kuna nusu ya ukweli humo, sufuria zima la makande linalofuka moshi ukilisukumiza kwenye friji litapasha kila kilichomo, lakini kuliacha mezani mpaka asubuhi ndo kosa lenyewe, chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa 2, na katikati ya sufuria kubwa joto linakaa masaa na masaa, ni uvuguvugu ule ule bakteria wanaoupenda. Cha kufanya ni kugawa. Mimina kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu hivi, viweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga kila baada ya muda. Na hapa kwetu mwezi wa 10 na wa 11 maji yanayotoka kwenye tenki la juu yenyewe ni ya moto, utajidanganya kwamba unapoza, kwa hiyo siku moja kabla gandisha chupa kadhaa za maji uzitumbukize kwenye lile beseni. Utashangaa makande yanavyopoa haraka, ukishika chombo kwa chini hakina moto tena unafunika na kupeleka kwenye friza.

Wali ndo uuangalie zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa kwenye joto la kawaida zinaamka na kutoa sumu, na ile sumu haiondoki hata ukiuchemsha upya. Kwa hiyo habari ya "nitaupasha sana tu" kwenye wali haifanyi kazi. Upoze upesi au usihangaike nao kabisa, mimi naona wali apikiwe siku hiyo hiyo, kinachochukua muda ni mboga na mchuzi.

Kuhusu umeme. Nusu ya watu wanasema Dodoma huwezi kutegemea friza maana umeme ukikatika unatupa kila kitu, nusu nyingine umeme ukirudi wanaendelea kula kama hakijatokea kitu. Friza iliyojaa ikikaa imefungwa inatunza baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24, kwa hiyo umeme ukienda jioni ukarudi usiku wala usiwe na presha, ila usifungue fungue kuchungulia. Nafasi zilizobaki wazi zijaze chupa za maji, zinasaidia kushika baridi. Umeme ukirudi angalia chakula chenyewe: kama bado kina vipande vya barafu ndani au kina baridi kama ya friji, kigandishe tena, utamu unaweza kupungua kidogo tu. Kimekuwa cha uvuguvugu na hujui tangu saa ngapi? Mwaga, hata kama ni kuku wa kienyeji. Inauma lakini mwaga. Na LUKU ya hiyo nyumba iangaliwe kabla ya uchungu kuanza, maana unit zinaishaga mkiwa hospitali.

Pia friza hazilingani. Ukiangalia mlangoni kwenye kile kisehemu cha barafu utaona nyota: moja ni kama nyuzi 6 chini ya sifuri na chakula kikae wiki moja, mbili ni nyuzi 12 na mwezi mmoja, tatu ni 18 na ndo unaweza kwenda miezi 3. Friji nyingi ndogo za mlango mmoja haziko kwenye nyota tatu, kwa hiyo usimjazie mtu chakula cha miezi 2 mule.

Eti kila chakula kinagandishika. Maharage, makande, supu ya kuku, rosti ya nyama, njegere, hivyo viko vizuri kabisa. Mchuzi wa nazi unaweza kukatika ila ukipashwa huku unakoroga unarudi. Viazi vya kuchemsha vinakuwa chenga chenga, ugali nao unapoteza ladha na sioni sababu ya kugandisha kitu cha dakika 15. Mlenda usikuumize kichwa, ule mkavu wa kusaga unakaa kabatini tu, mpelekee kopo lake na karanga zilizotwangwa pembeni, kwa mzazi wa huku hiyo ni zawadi.

Kuyeyusha juani au juu ya meza tangu asubuhi, hapana. Juu kinalainika na kuanza kuharibika wakati katikati bado ni jiwe. Kishushe kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kula, au ukisahau weka moja kwa moja kwenye sufuria na maji kidogo, moto mdogo, kisha kitokote mpaka katikati.

Vyombo sio lazima viwe vya gharama. Makopo ya aiskrimu au mtindi yaliyooshwa yanafaa, chakula kikiwa kimeshapoa, ndoo za rangi hapana hata ukizisugua vipi. Chupa ya kioo usijaze mpaka mdomoni, chakula kikiganda kinatanuka na inapasuka. Gawa cha kula watu wawili mara moja, sio ndoo nzima ambayo atalazimika kuiyeyusha yote. Na uandike, bandika tepu ya karatasi juu: supu ya kuku, sahani 2, tarehe 14/3, ongeza kikombe cha maji, itokote. Wiki ile ya kwanza baba ndo anakuwa jikoni, akikuta imeandikwa hivyo anapasha mwenyewe bila kwenda kumwamsha mama kumuuliza.