Kaanza ARV, kazidiwa: naomba tulizungumze hili mpaka liishe

Nimetumiwa tena sauti ya WhatsApp, safari hii kutoka kundi la ukoo wa mke wangu, kwa hiyo hata kujitoa siwezi. Mama anaeleza kwa uchungu: kijana wao alikuwa anatembea mwenyewe, anakula, kapimwa, kakutwa na VVU, kaanzishwa dawa. Wiki ya tatu homa kali, shingo imevimba, kifua kinambana. Kisha hukumu: "Dawa ndizo zinammaliza. Mwacheni apumzike, kwanza tumjenge kinga kwa vitu vya asili." Chini yake watu wameweka mikono ya dua, na shemeji yangu mmoja kaweka namba ya simu ya muuzaji wa unga wa kujenga kinga.

Alichosimulia yule mama ni kweli. Mfuatano huo huo nauona wodini, na si mara moja moja. Hukumu ndiyo mbovu, na ubovu wake unaua, kwa sababu unamwachisha mtu dawa katika wiki mbaya kabisa ya kuziacha. Kwa hiyo nieleze, halafu nikiulizwa tena nitakuwa natuma kiungo tu.

Tuanze na hili la "kujenga kinga". Linasemwa kana kwamba kinga ni kiasi kimoja: kikipungua, unaongeza. Angalia wagonjwa halisi. Mtoto mwenye selimundu hupoteza kazi ya wengu mapema sana. CD4 zake (seli za kinga ambazo VVU huziua) hazina neno, lakini nimokoki, bakteria wa nimonia, akiingia kwenye damu anaweza kumuua ndani ya saa chache tangu homa ianze. Ndiyo maana anapewa penisilini kila siku mpaka atimize angalau miaka 5. Mgonjwa wa saratani aliyetoka kwenye kemotherapia hivi karibuni anaishiwa nutrofili, seli nyeupe zinazomeza bakteria. Anaangushwa na bakteria wa utumbo wake mwenyewe, na unaweza usione usaha popote, kwa kuwa usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya nutrofili. Mtoto wa kiume aliyezaliwa bila seli B hana kingamwili: masikio, sinasi, mapafu, kila baada ya muda mfupi, ilhali virusi wengi anawamudu vizuri. Na mwenye VVU ambaye CD4 zake zimekwisha anakuja na mambo yake: TB, utandu mweupe mpaka kooni, mkanda wa jeshi, saratani ya Kaposi, fangasi wa kriptokokasi kwenye ubongo. Niambie mtu anaugua nini mara kwa mara, nami nitakisia bila kukosea sana ni sehemu gani ya kinga yake imekufa.

Sasa huo unga unajenga ipi kati ya hizo?

Na hata ungezijenga zote, nani kasema kinga kali ndiyo kinga nzuri? Lupasi, ugonjwa wa mwili kujishambulia, ni kinga kali. Kisukari cha watoto, kile cha kutegemea insulini tangu utotoni, ni kinga iliyoua seli za kongosho. Pumu sitaieleza, kila nyumba inayo. Mwaka 2020 Uingereza walionesha kwamba deksamethasoni, dawa rahisi ya kupunguza kinga, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa karibu theluthi moja. Watu wale virusi alishafanya yake. Waliokuwa wanazama walizamishwa na kinga yao wenyewe.

Hapa ndipo watu wananipotea, kwa hiyo nitakaa.

Sehemu kubwa ya kile unachokiita ugonjwa ni kazi ya kinga. Homa inapandishwa na kinga. Uvimbe, usaha, maumivu, vivyo hivyo. Chukua TB. Lile shimo tunaloliona kwenye eksirei, juu ya pafu, halichimbwi na bakteria peke yake. Linachimbwa hasa na mwili unaopambana naye. Mtu mwenye kinga nzima anapata shimo, anakohoa, makohozi yamejaa vimelea, maabara wanampata asubuhi hiyo hiyo. Mleteni mwenye CD4 30. TB imemtambaa ini, wengu, tezi, damu, lakini eksirei inaweza kuja safi kabisa, na makohozi, akiweza kuyatoa, hayaoneshi kitu. Ukimchoma kile kipimo cha ngozi cha TB mkono unabaki laini. Mara nyingi anayetuokoa ni mkojo: kuna kipimo cha LAM, kikaratasi tu, kinachokamata vipande vya ganda la bakteria, na kinafanya kazi vizuri zaidi kadiri CD4 zinavyokuwa chini. Mtaa usiosikika yowe usiku si lazima uwe mtaa salama. Inawezekana waliokuwa wanapiga yowe wameshauawa. "Alikuwa anatembea mwenyewe, anakula" mara nyingi ndiyo maana yake hiyo.

Kisha unampa ARV. Hizi za sasa, zenye dolutegravir, zinamshusha virusi kwa kasi. Ndani ya wiki chache wingi wa virusi kwa wengi huwa umeporomoka. CD4 zinaanza kurudi, na za kwanza kurudi kwenye damu si za kuzaliwa upya. Nyingi ni seli za kumbukumbu zilizokuwa zimekwama kwenye tezi, seli ambazo TB zinamfahamu tangu zamani. Zinamkuta kila mahali. Zinaanza kazi.

Kijana mmoja (nimebadilisha ya kumtambulisha) alikuja akiwa na CD4 34. Siku ya kwanza, juu ya mtulinga wa kushoto, ukizitafuta tezi kwa ncha za vidole unazipata: ndogo, za baridi, haziumi. LAM ikasoma, tukaanza dawa za TB, ARV zikafuata ndani ya wiki mbili. Akarudi baadaye shingo imejaa upande mmoja, ngozi imevutika mpaka inang'aa, ukiikaribia tu anakwepa. Tezi ya namna hiyo huchomi kileleni pale ngozi ilipokonda, maana tundu litabaki likivuja kwa miezi. Unaingia kwa pembeni, kupitia ngozi nzima, sindano nene, unavuta taratibu. Bomba la mililita 20 lilijaa usaha mzito wa njano. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Dokta mwanangu, si ndizo hizo dawa zinamtoka?"

"Hapana mama. Mwili wake ndio unapigana. Mwezi uliopita haukuwa na uwezo hata wa kutengeneza usaha huu."

Hakuniamini siku ile, na simlaumu. Ukimwona mwanao anazidi kuharibika kila anapomeza kidonge, maelezo ya dokta ni maneno tu.

Hali hiyo wodini tunaiita IRIS. Kwa kawaida inajitokeza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na mapema zaidi kwa aliyeanza na CD4 chini sana. Tunachofanya: ARV zinaendelea, dawa za TB zinaendelea, na ikiwa kali tunampa prednisoloni. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mtu mwenye UKIMWI, kinga yake ndiyo kwanza inafufuka, nami nampa dawa ya kuibana. Muuza unga akisikia hili anaweza akazimia. Lakini homa inashuka, tezi zinanywea, na mgonjwa anaomba ugali.

Sasa yale ambayo vitabu vinapita haraka. Hakuna kipimo cha IRIS. Hakuna kikaratasi, hakuna mashine. Unaifikia kwa kuondoa vingine: je, hii TB ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, tulisubiri jibu la GeneXpert, mashine inayopima usugu huo, au hatukupata sampuli? Je, anameza dawa kweli, au anazificha shemeji asizione? Je, kuna limfoma, saratani ya tezi, imejificha kwenye tezi hiyo hiyo? Nimeshaandika "IRIS" kwenye faili nikiwa na uhakika wa kutosha kuanza matibabu lakini si wa kutosha kulala. Na prednisoloni si maji. Mwenye Kaposi ukimpa, Kaposi inaweza kulipuka. Kwa hiyo tunawavua nguo, tunaangalia kaakaa, nyayo, kila kidoa cheusi, kabla ya kuandika.

Wala sisemi ARV hazina madhara yake. Nevirapini ilibabua watu ngozi na kuua maini, wazee wa CTC, kliniki za VVU, wanakumbuka. Tenofovir inaweza kuchosha figo, ndiyo maana tunapima kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Nasema tu kwamba tezi kuvimba wiki ya tatu kwa mtu mwenye TB ina maelezo mengine, na kuacha dawa hakuitibu. Ukiziacha virusi anapanda tena, CD4 zinashuka, shingo inatulia. Familia inafurahi. Kimya kile cha mwanzo kimerudi, TB ikiendelea kutambaa chini yake.

Kuna mahali ambapo lile kundi la ukoo liko karibu na ukweli, na lazima nilikiri hili kwa haki: ubongo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema kila aliyekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na mara nyingi tunaanza siku hiyo hiyo. Lakini mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi tunamwambia asubiri wiki nne mpaka sita, atibiwe fangasi kwanza. Ndugu wanatuona vigeugeu. Sababu ni utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2014: walioanza ARV ndani ya wiki mbili za mwanzo, katika kila 100 walikufa kama 45 ndani ya miezi sita, waliosubiri wiki tano hivi walikufa 30. Shingo ina nafasi ya kuvimba, fuvu halina. Ndani ya fuvu, kinga inayorudi kwa pupa inaweza kukuua huku ikifanya kazi yake ipasavyo.

Kwa hiyo swali sahihi si "dawa au kinga ya asili". Ni lini, baada ya kutafuta nini, na nani anamwangalia wiki mbili za baadaye. Mtu mwenye CD4 chini ya 200 anayepewa kopo la vidonge na tarehe ya mwezi ujao bila kupimwa LAM wala kriptokokasi, huyo tumemwonea sisi. Zipo siku vitendanishi vimeisha na tunafanya hivyo hivyo. Hasira ya ndugu siku hizo naipokea.

Turudi kwa unga. Wengi hawajui kwamba swali la vitamini na VVU limejibiwa hapa hapa, Dar es Salaam. Kuanzia 1995 wajawazito 1,078 wenye VVU waligawanywa: vitamini za B, C na E, vitamini A, vyote viwili, au kidonge kitupu. ARV zilikuwa bado hazijafika kwa watu wa kawaida. Zile B, C na E zilisaidia: watoto walizaliwa na hali nzuri zaidi, na mama zao ugonjwa ulikwenda polepole. Ungetegemea vitamini A nayo isaidie, inajulikana kabisa kwa kinga. Iliongeza watoto walioambukizwa. Miaka baadaye, katika kliniki za jiji hilo hilo, wagonjwa zaidi ya 3,400 walioanza ARV walipewa vitamini kwa dozi kubwa au dozi ya kawaida. Kubwa haikuwa na faida yoyote ya ziada, na utafiti ulisimamishwa 2009 kwa sababu vipimo vya ini vilikuwa vinapanda.

Na anayeng'ang'ania namba ya CD4 asikie hili pia. Kuna dutu ya mwili wenyewe, interleukini-2, ambayo ukimchoma mtu CD4 zinapanda kweli, si porojo. Wagonjwa zaidi ya 5,000 walifuatiliwa kwa miaka katika tafiti mbili, matokeo yakatoka 2009. CD4 zilipanda. Magonjwa na vifo havikupungua. Namba nzuri kwenye karatasi, mtu yuleyule. Nina wagonjwa wa upande wa pili: virusi hawaonekani kwa miaka, CD4 zimegoma kwenye mia na kitu. Kwa nini hasa, sina jibu la kuwaridhisha, na aliye na kidonge cha kuzivusha hapo sijamwona. Wanakula cotrimoxazole yao, dawa ya kuzuia maambukizi, na wanaendelea na kazi.

Mlonge kula, ni mboga nzuri. Ila poda na vidonge vyenye madini ya chuma, kalsiamu, zinki au magnesiamu vinaikamata dolutegravir tumboni isifyonzwe, na dawa nyingi za kiungulia ni vivyo hivyo. Meza ARV zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya kumeza vitu hivyo, au zikishapita saa sita baada yake. Wenye TB wanaotumia rifampisini wanaongezewa dozi ya pili ya dolutegravir kila siku. Ukiona kopo la ziada si kwamba umezidiwa.

Kama umeanza ARV hivi karibuni na CD4 zilikuwa chini, homa mpya, tezi zinazokua au pumzi inayokata, njoo kliniki siku hiyo. Kichwa kinachouma bila kuachia, kutapika, kuona vitu viwili viwili, hata usiku wa manane njoo, achana na tarehe iliyo kwenye kadi. Njoo na makopo yote unayomeza, pamoja na yale uliyoambiwa usimwambie daktari.