Kasi ya mrushaji haipimwi ukiwa kivulini

Jumamosi moja hapa Jinja, Uganda, rada ya kuazima ilinisomea kilomita 81 kwa saa. Mrushaji wangu wa softiboli, mchezo wa mpira na gongo ulio ndugu wa besiboli, ni binti wa kidato cha tatu; alikitazama kile kioo akasema, "Samahani, kocha." Nami nilikuwa nimesimama pembeni, chini ya mwembe, nikikwepa jua. Nilipohamia nyuma ya mdakaji, yule anayeupokea mpira kwa glavu, upande wa pili wa wavu, rada ikasoma 94. Mkono ni uleule, mpira uleule. Aliomba radhi kwa kosa langu, na hadi leo linaniuma.

Rada hutuma mawimbi yanayogonga mpira na kurudi na masafa yaliyobadilika. Inachosoma ni ule mwendo unaoijia au kuiacha moja kwa moja, basi. Ukikaa nyuzi 30 kando ya njia ya mpira, umeshapoteza asilimia 13. Nyuzi 10, hata asilimia 2 haifiki.

Tena rada husoma kasi ya mpira unapotoka mkononi. Mpira ukimfikia mpigaji, hewa imeshakula karibu sehemu ya kumi.

Huna rada? Simu inatosha, ila iweke kwenye video ya picha 240 kwa sekunde. Pima kwa futi kamba kuanzia pale nyonga ya mrushaji ilipokuwa alipoachia mpira hadi kwenye glavu ya mdakaji. Kwa binti yule tulipata mita 12.5. Kisha hesabu picha mojamoja: zilikuwa 120, yaani nusu sekunde. Hiyo ni mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, wastani wa safari nzima. Ndiyo maana iko chini kidogo ya ile 94. Kwa video ya kawaida ya picha 30, ukikosea picha moja tu umekosea kilomita 6.

Monica Abbott wa Marekani alirusha kilomita 124 mwaka 2012. Wanaozoea besiboli huiona ndogo, lakini wanawake wa softiboli hurusha kutoka mita 13.11, si 18.44 kama wa besiboli. Kilomita 100 zetu humwachia mpigaji muda uleule wa 140 za kwao.

Siku hizi napima mirusho mitano tu, mwili ukiwa umepata moto, na kando ya kila namba naandika daftarini niliposimama.