Mafuta Sugu Baada ya Kupunguza Uzito: Upasuaji Unafanya Nini, na Mazoezi Yarejee Lini

Mtu aliyepunguza kilo 20 kwa kubadilisha chakula na kutembea kila alfajiri hufika kliniki akiwa na furaha, lakini mara nyingi hata hajakaa vizuri huwa ameshashika mkunjo wa kiunoni kwa vidole viwili na kusema, "Daktari, hii imekataa kuondoka." Anasema kweli. Mtu anapopungua, seli za mafuta hunywea bila idadi yake kupungua sana, na zile za tumbo la chini, nyonga na mapaja huchelewa kuachia akiba yake kutokana na homoni na urithi. Ndiyo maana jina la "nyama uzembe" linawaonea watu waliojituma kwa miezi mingi.

Kinachoshikika kwa vidole ndicho kinachoweza kufyonzwa kwa mrija katika upasuaji wa kufyonza mafuta (liposuction). Tumbo gumu lililotokeza kama ngoma limebeba mafuta ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo, ambayo mrija wa daktari hauyagusi kabisa. Ngozi iliyolegea nayo ni shauri jingine, kwa kuwa kufyonza mafuta yaliyo chini yake huizidisha kuning'inia. Tiba yake ni kuikata, na huo ni upasuaji mkubwa zaidi wenye kovu refu. Kwa vyovyote vile, uzito uwe umetulia kwa takriban miezi 6 kwanza.

Ufyonzaji wa leo umejengwa juu ya mrija wenye ncha butu ulioenezwa na daktari Mfaransa Yves-Gérard Illouz mwishoni mwa miaka ya 1970, na juu ya njia ya Jeffrey Klein wa Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1980 kujaza eneo husika maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini inayobana mishipa ya damu, hivyo damu inayopotea ikapungua sana. Matundu ni ya milimita chache tu, lakini udogo wake usimdanganye mtu: damu inaweza kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni, mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa ya damu, na utumbo unaweza kutobolewa. Kazi hii haifanyiki saluni. Kwa Tanzania Bara, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize ni nani atakayesimamia dawa ya usingizi.

Jambo ninalotamani kila mgonjwa alifahamu kabla ya kusaini fomu ni hili. Watafiti wa São Paulo, Brazil, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wanawake 36 wenye uzito wa kawaida waliofyonzwa mafuta ya tumbo. Baadhi yao walianza mazoezi miezi 2 baada ya upasuaji, mara 3 kwa wiki kwa miezi 4, na wengine hawakufanya. Kwa wale wasiofanya mazoezi, mafuta ya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa takriban asilimia 10, yaani mwili ulihamishia akiba yake mahali pa hatari zaidi. Kwa waliofanya mazoezi, ongezeko hilo halikutokea. Kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kurejea kwake kuwe kwa hatua. Jioni ya siku ya upasuaji mgonjwa aamke atembee chumbani, hata kama ni kwa kushikwa mkono, ili damu isigande miguuni. Wiki 2 za mwanzo ni za matembezi mafupi, akiwa amevaa vazi la kubana ambalo kwa kawaida huvaliwa wiki 4 hadi 6. Mbio, kuruka na vyuma husubiri wiki ya 4 hadi ya 6, kwa idhini ya daktari. Aliyekatwa ngozi na kukazwa misuli ya tumbo asubiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kunyanyua kizito, na ndoo ya maji na mtoto wa kubeba mgongoni ni vizito pia. Asikate tamaa mizani ikipanda siku za mwanzo, kwani hayo ni maji ya uvimbe, ambao huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kwisha.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, pumzi zikikatika, kifua kikichoma au homa ikipanda, usisubiri tarehe ya kliniki: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na useme mara moja kwamba umefanyiwa upasuaji.