Presha Imeshuka, Kwa Nini Niendelee na Dawa? Maswali na Majibu kwa Watu wa Mjini

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila siku kwenye kliniki ya presha, na mengi yanatoka kwa wakazi wa mjini: watu wanaokaa kitini tangu asubuhi, wanaorudi nyumbani usiku, wanaolala saa sita na kuamka saa kumi na moja. Penye jibu fupi nimejibu kwa ufupi. Lakini kuna swali moja ambalo nimelijibu zaidi ya mara moja, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalotuletea wagonjwa wa kiharusi.

Presha ni nini hasa?

Ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Namba ya juu hupatikana moyo unapobana, ya chini unapolegea. Mtu mzima akipimwa siku mbili tofauti na namba ya juu ikafika 140 au zaidi, au ya chini ikafika 90 au zaidi, ana presha ya kupanda.

Mbona mimi sisikii chochote?

Kwa sababu presha haiumi. Wengi wanasubiri kichwa kigonge, shingo ikaze au moyo uende mbio ndipo waje kupima. Kuna watu wanaingia kliniki wakitembea vizuri, wanazungumza, wanacheka, na mashine inasoma 190 kwa 110. Hawaamini. Wanaomba tupime mkono wa pili.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima wenye presha ya kupanda, wa umri wa miaka 30 hadi 79, ni bilioni 1.28, na asilimia 46 kati yao hawajui kama wanayo. Waliokuwa na presha iliyodhibitiwa vizuri walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Kwa hiyo usijipime kwa hisia. Kujisikia vizuri si kipimo.

Ni kweli maisha ya mjini yanachangia?

Ndiyo, na hili halijulikani kwa kubahatisha. Mwaka 1948 watafiti waliingia katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani, wakawaandikisha wakazi 5,209 na kuanza kuwafuatilia mwaka hadi mwaka: wanavuta sigara au hawavuti, presha yao ikoje, lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta) iko kiasi gani kwenye damu, nani amepata ugonjwa wa moyo, nani amefariki. Ni kutokana na hesabu za watu wa mji ule mmoja ndipo dunia ilianza kuona wazi kwamba presha, sigara na lehemu vinatangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda ni sehemu ya kuzeeka tu.

London nako, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Kampuni moja, barabara zile zile, moshi ule ule. Dereva amekaa siku nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa akikusanya nauli. Madereva walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya makondakta, na ulipowapata uliwaua zaidi.

Sasa jiangalie wewe. Umekaa kwenye gari, umekaa ofisini au dukani, umerudi ukakaa mbele ya runinga. Wewe ni yule dereva. Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafikishi mwendo wa mwili unaotakiwa, ambao ni dakika 150 tu kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Hizo ni kama dakika 20 kwa siku. Kila mtu ananiambia hana muda, na simu yake imejaa video alizozitazama jana usiku.

Sigara, acha. Hakuna kiasi cha kujadili. Pombe nayo hupandisha presha, na kadiri unavyokunywa ndivyo inavyopanda zaidi.

Mara ya mwisho nimepimwa presha ikawa 124 kwa 78. Nimepona. Niache dawa?

Hapana.

Nirudie, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza watu: hapana. Hiyo 124 imekuja kwa sababu unakunywa dawa. Gari lililosimama mlimani kwa breki halijafika tambarare. Ukiachia breki linaporomoka. Kwa watu wengi, vidonge vya presha haviondoi ugonjwa mwilini kama dawa ya malaria inavyoondoa vimelea. Vinaushikilia usifanye madhara, na vinaushikilia kwa muda ule tu unaovitumia.

Mnaoacha hamwanguki siku hiyo hiyo, na hilo ndilo linalowadanganya. Wiki ya kwanza uko sawa. Mwezi unapita uko sawa. Unawaambia na wenzako kwamba dawa zile hazikuwa na maana. Huko ndani mishipa ya ubongo, ya figo na ya jicho inapigwa kila sekunde. Halafu siku moja mtu anaamka mkono mmoja hauinuki na mdomo umekwenda upande. Ndugu wanamleta, tunafungua mfuko wa dawa zake, tunakuta karatasi ya vidonge ina matundu sita yaliyotobolewa na vingine vyote bado vimo, vumbi limeanza kushika. Kwenye kadi, hudhurio la mwisho ni la miezi minane iliyopita, na presha iliyoandikwa siku hiyo ni nzuri kabisa. Ndiyo iliyomfanya aache.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo tarehe 12 Aprili 1945, na presha aliyopimwa siku hiyo ilikuwa 300 kwa 190. Alikuwa kiongozi wa taifa tajiri, mwenye daktari wake kila saa, na hakukuwa na kidonge cha maana cha kumpa. Klorothiazaidi, ambayo dawa nyingi za kupunguza maji mwilini tunazotumia leo kutibu presha ni za ukoo wake, ilianza kutumika mwaka 1958. Alichokosa rais yule wewe umekiweka kwenye droo.

Basi niwe nakunywa siku ninazojisikia vibaya?

Hapana. Hilo ni swali la juu limevaa nguo nyingine. Kidonge cha presha hakina uhusiano na siku mbaya au nzuri. Ukinywa leo, ukaruka siku nne, ukanywa viwili kwa pamoja kufidia, presha yako inapanda na kushuka, na mishipa inaumia vile vile. Baadhi ya dawa zikikatwa ghafla presha hurudi kwa kasi kuliko ilivyokuwa. Chagua saa moja, iwe ya kupiga mswaki au ya kulala, kidonge kinywewe hapo kila siku. Ukisahau, kunywa ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ikiwa imebaki kidogo kufika saa ya dozi inayofuata, endelea na hiyo. Usinywe mara mbili.

Nasikia dawa hizi zinaharibu figo na nguvu za kiume.

Kinachoharibu figo ni presha. Wagonjwa wengi wanaofikia kusafishwa damu kwa mashine walifikishwa huko na presha au kisukari visivyodhibitiwa, na baadhi ya dawa za presha kazi yake nyingine ni kuzilinda figo hizo hizo. Anayekuambia fulani alianza dawa figo zikafa hakuambii fulani huyo alikaa na presha miaka mingapi kabla ya kuanza.

Kuhusu nguvu za kiume, presha yenyewe inaharibu mishipa midogo, ya uume ikiwemo. Dawa chache zinaweza kuchangia, kweli. Njoo useme. Hili wanaume wanaliona aibu, wanaacha dawa kimya kimya, na mke ndiye anayekuja kutuambia baada ya kiharusi. Kuna dawa nyingi, tunabadilisha.

Madhara mengine ya dawa ni hivyo hivyo. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalapri na lisinopri zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Hayo yanajulikana na yana mbadala. Uso, midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura: kidonge hicho usikirudie, kimbia hospitali. Na mwanamke anayetumia enalapri, lisinopri au losatani akijua ana mimba, au anapanga kubeba, aje mara moja abadilishiwe, maana zinamdhuru mtoto. Lakini kuja kubadilisha na kuacha ukakaa nyumbani ni vitu viwili tofauti.

Nikipunguza uzito, nikafanya mazoezi, nikaacha chumvi, naweza kuachana na vidonge?

Kwanza, fanya hayo yote, na ufanye leo. Yanashusha presha kweli, na kwa wengine yanatuwezesha kupunguza dozi. Anayepunguza ni daktari, kidogo kidogo, huku presha ikipimwa. Wewe mwenyewe usiache. Sitachoka kulisema: usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, usiache kwa sababu namba ni nzuri, usiache kwa sababu jirani aliacha na bado anatembea. Wala usitumie vidonge vya jirani. Hujui figo zake na zako zinafanana wapi.

Vitunguu saumu na mitishamba nasikia habari zake kila siku. Kula kitunguu saumu kama unakipenda. Kisichukue nafasi ya kidonge. Na chochote unachokunywa, tutajie, maana vingine vinagombana na dawa.

Chumvi kiasi gani?

Chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya kila kitu ulichokula. Wastani wa dunia ni kama gramu 10.8, mara mbili na zaidi. Mtu wa mjini anasema haongezi chumvi mezani, na ni kweli, kwa sababu imeshawekwa kiwandani: kwenye mkate, soseji, vitafunwa vya pakiti, supu za unga, viungo vya kopo. Soma pakiti. Ondoa chombo cha chumvi mezani hata kama wageni watanuna.

Naumwa mgongo kwa kukaa, nanunua vidonge vya maumivu. Kuna tatizo?

Lipo. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa zake, na zikitumika mara kwa mara zinaumiza figo. Kuna watu wanazinywa kila jioni baada ya kazi na hawazihesabu kuwa ni dawa, hata tukiuliza unatumia nini wanasema hakuna. Zitaje.

Nipimeje nyumbani?

Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla usivute sigara wala usinywe kahawa. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono umelazwa usawa wa moyo. Usiongee, usishike simu. Pima mara mbili, andika zote mbili, na uje na daftari lako kliniki. Mkono mnene unahitaji mkanda mpana. Mkanda mdogo hutoa namba kubwa isiyo ya kweli.

Kuna faida gani hasa ya kujisumbua hivi miaka yote?

Kushusha namba ya juu kwa 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 27 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 baada ya kukusanya tafiti nyingi zenye watu mamia kwa maelfu. Kumi tu, kutoka 160 kwenda 150.

Nitajuaje kama mtu amepatwa na kiharusi, na nifanye nini?

Mwambie atabasamu: je, mdomo umeenda upande? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme sentensi: je, maneno yanavurugika? Hata kimoja kikitokea ghafla, ni hospitali sasa hivi, yenye uwezo wa kupiga picha ya ubongo kama unaweza kuifikia.

Usimlaze kwanza "apumzike". Usimnyweshe maji, uji wala vidonge vya presha. Anaweza kupaliwa, na presha ikishushwa ovyo saa ile ubongo unakosa damu zaidi. Usimpeleke kukandwa. Usisubiri mtoto mkubwa arudi kazini ndipo aamue. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa wanaoifaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ndani ya muda huo huo lazima ipigwe picha na vipimo vitoke. Kwa hiyo kumbuka saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, iandike, na ubebe dawa zake zote alizokuwa anatumia, hata zile alizoziacha.

Na mdomo ukirudi sawa baada ya dakika 10, mkono ukainuka, akasema amepona na anataka kulala, bado mpeleke, siku hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi kidogo kilichopita, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.