Je, mtaalamu wa hisa hupata faida kuliko anayenunua mwenyewe?

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu mama mmoja muuza vitenge, mkononi ana bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi 13 za dalali wake wa hisa: saba za kununua, sita za kuuza, zote za mwaka mmoja. "Mwanangu," akaniuliza, "kila nikiuza naona nimeuza juu ya bei niliyonunulia. Mbona hela haiongezeki? Au kazi hii niwaachie wataalamu?"

Tulizipanga mezani. Kila karatasi ina mistari midogo ambayo wengi hawaisomi: kamisheni ya dalali, ada ya soko, ada ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Ukinunua unalipa, ukiuza unalipa tena. Tuseme jumla yake ni asilimia 2 kila upande. Mwenye shilingi milioni moja akiizungusha mara sita kwa mwaka, hata kama bei hazikupanda wala kushuka, zaidi ya laki mbili zimeishia kwenye gharama.

Hayo hayatokei Dar es Salaam peke yake. Nchini Marekani, maprofesa Brad Barber na Terrance Odean walichambua hesabu za familia zaidi ya 66,000 zilizokuwa zikinunua na kuuza hisa zenyewe kati ya 1991 na 1996. Soko lilipata wastani wa asilimia 17.9 kwa mwaka. Waliouza na kununua mara nyingi kupita wenzao wote waliambulia 11.4.

Na wataalamu je? Hapa ndipo wengi hushangaa. Mwishoni mwa 2007 Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwekeana dau na Protégé Partners, kampuni ya kusimamia fedha za wawekezaji. Upande wake uliwekwa mfuko wa gharama nafuu unaobeba hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani, bila kuchagua ipi nzuri ipi mbaya. Upande wa pili iliteuliwa mifuko mitano, iliyogawa fedha kwa mameneja zaidi ya 100. Miaka kumi ilipokwisha, mfuko wa Buffett ulikuwa umepanda asilimia 125.8. Uliofanya vizuri kuliko wote katika ile mitano ulipata 87.7, wa mwisho 2.8. Mameneja wale walikuwa na wachambuzi na taarifa nyingi kuliko mimi na wewe, lakini ada yao waliikata kila mwaka, soko lipande au lishuke.

Mwanauchumi wa Marekani William Sharpe aliieleza hesabu hii mwaka 1991. Mimi huieleza kwa sinia la pilau. Wote waliolizunguka wanakula kilichomo, mmoja akizidisha mwingine amepungukiwa. Wawekezaji wote kwa pamoja hupata kile soko lilichotoa, basi. Halafu kila mmoja analipa gharama zake, na anayelipa nyingi hubaki na kidogo, awe na suti au awe na kanga.

Wapo wachache wanaolishinda soko kweli. Mfuko wa Medallion wa Marekani ni mmojawapo, lakini ulifungia wateja wapya wa nje mwaka 1993, na baadaye hata waliokuwamo walirudishiwa fedha zao. Ndiyo maana nina wasiwasi sana na mtu anayemtumia mgeni ujumbe wa simu akimwahidi faida ya uhakika kila mwezi.

Kwetu, tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo mwaka 1998, kampuni ni chache, na zipo hisa ambazo ukitaka kuziuza utamsubiri mnunuzi. Anayeruka ruka huumia zaidi. Asiye na muda wa kusoma hesabu za kampuni anaweza kununua vipande vya mifuko ya pamoja, inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yao, kama Mfuko wa Umoja ulioanza 2005. Hata huko uliza gharama zote za mwaka, na uliza kwa shilingi, maana asilimia 2 husikika ndogo.

Mama yule aliamua hisa za ile karatasi ya saba azikalie, asubiri gawio. Kabla ya kuondoka aliazima kalamu yangu nyekundu, akaandika jumla ya gharama juu ya bahasha, kwa tarakimu kubwa.